Kutoka Kasongo hadi Kabambare: mwanzi, kinu na kitunga

Wamama wenzetu, juma hili hatuandiki juu ya chanjo wala bei ya sabuni. Tunaandika juu ya njia, ile inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, zaidi ya kilomita 100 upande wa mashariki, na juu ya vitu tulivyovitazama huko ambavyo kila mmoja wenu anavyo nyumbani. Tulikuwa watu watano: wamama watatu wa kikundi chetu cha mpunga na walimu wawili. Tuliondoka mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, wakati mavumbi ni mengi lakini pikipiki haizami kwenye matope. Kwanza tuliuliza habari za njia kwa wale waliotoka huko, kama anavyofanya kila msafiri wa Maniema siku hizi. Tukaambiwa kuko salama, tukafunga mizigo.

Sababu ya safari ilikuwa ghala. Mnajua yaliyotokea kipindi cha mvua kilichopita: ghala la kikundi liliinama upande mmoja, paa la majani likafunguka, na magunia 12 ya mpunga yakalowana mpaka yakaota. Mpunga ule ulikuwa minervali. Shule ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado tunalipa, na pesa zikipungua katika nyumba, anayeambiwa abaki kwanza ni msichana. Wasichana wawili wa wanachama wetu walikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya nguzo tatu zilizooza. Pesa zilizobaki ndani ya kasha zilitosha kitu kimoja kati ya viwili: kununua mbao zilizopasuliwa kwa ajili ya ghala jipya, au kununua manjanja ya kuezeka. Vyote viwili havikuwezekana. Tukasikia kwamba huko Kabambare kuna wamama wenye ghala la mianzi lililomaliza miaka minane, nalo limesimama wima. Tukasema, twende tukalione.

Mtu wa Kasongo akianza kusema habari za nyumba za miti na udongo, lazima akumbuke Tongoni. Huko ndiko ulikokuwa mji wa zamani wa Waungwana, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, ambao askari wa Dhanis waliuteka mwezi wa nne mwaka 1893. Wazungu waliouingia walishangaa kukuta nyumba kubwa za udongo, bustani za matunda na mashamba mapana. Leo jina lenyewe linaeleza: tongo ni mahame, mahali palipoachwa. Udongo umerudi kuwa udongo, na miti iliyoubeba imeliwa na mchwa. Kilichobaki ni mpunga, na hiki Kiswahili chetu.

Ukitoka Kasongo, unapita kati ya nchi mbili. Upande wa kaskazini msitu uko karibu. Upande wa kusini ni majani marefu na miti iliyotawanyika. Mabondeni, penye maji, kuna rafia. Tulipishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa bidoni za mawese, kila mmoja ameshika fimbo ndefu iliyofungwa kwenye usukani ili aelekeze mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe. Tulisimama kupumzika pamoja nao. Fimbo moja ilikuwa mwanzi, nyingine uti wa jani la rafia, ambao watu wengi huuita bambu ingawa si mwanzi hata kidogo. Kijana mmoja alituambia uti wa rafia ni mwepesi, haumchoshi mkono, lakini akianguka na baiskeli unabonyea. Mwanzi hauinami ovyo, ila siku ukishindwa unapasuka kwa urefu, na ncha zake zinakata kama wembe.

Hapo ndipo walimu walipoanza kufundisha barabarani, na wamama wakacheka. Lakini tuliendelea, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Mmea wowote umejengwa kwa vyumba vidogo mno ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Katika miti na mianzi, vingi vya vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, vimelala kufuata urefu wa shina kama matete yaliyofungwa fungu moja. Kuta zake zina nyuzi za kitu kiitwacho selulosi, na katikati ya nyuzi kuna gundi ngumu inayoitwa lignini. Aliyewahi kuona wajenzi wakimimina zege ataelewa mara moja. Selulosi ni vyuma: ukivivuta, havikatiki upesi. Lignini ni saruji: ukiikandamiza, inavumilia. Kwa hiyo mti una nguvu nyingi sana kwa urefu, na nguvu kidogo kwa upana. Kila mama anayepasua kuni anajua hivyo. Anasimamisha gogo, anapiga shoka juu, linafunguka. Hakuna anayelilaza na kulikata katikati kama hana haja.

Pamba ni karibu selulosi tupu, haina lignini, ndiyo maana ni laini na inasokoteka. Bibi zetu wa Maniema waliijua pamba kwa uchungu, kwa maana kilimo chake cha lazima kilianza wakati wa Wabelgiji, mwaka 1917, na mikoa yetu ilikuwa kati ya ile ya kwanza. Uzi mmoja wa pamba ni chumba kimoja tu cha mmea, chenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Peke yake hauna kazi. Ukisokotwa pamoja na wenzake, zinabanana na kushikana, na kamba inavuta mbuzi. Walioilima kwa fimbo hawakuambiwa hayo.

Tulivushwa Luama kwa mtumbwi. Mama mmoja wetu haogopi kitu isipokuwa maji, naye alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili mpaka ng'ambo. Tulimwonyesha kwamba nyuzi za mti ule zinakimbia kutoka omo mpaka tezi bila kukatwa popote, kwa hiyo mtumbwi ukigonga jiwe hauvunjiki katikati. Akasema tufunge midomo na kutazama mbele.

Kabambare ni mji mdogo wenye jina la zamani. Katika kitabu cha Livingstone unaitwa Bambarre. Mwaka 1870 alikaa hapa miezi akiwa na vidonda vya miguu, hawezi kusonga. Sisi miguu yetu ilifika mizima, ni kiuno tu kilicholalamika. Wabangubangu walitupokea vizuri, tukala sombe na ugali wa muhogo, na asubuhi yake tukapelekwa kwenye ghala.

Kwa mbali halina fahari. Ni kibanda kirefu juu ya mawe, kuta za mianzi iliyopasuliwa, paa la majani linaloshuka chini sana pande zote kama kofia ya mvua. Mama mzee anayeshika funguo alitusalimu, tukakaa, akatuuliza habari za Kasongo moja moja mpaka za vifo. Ndipo tulipomwambia haja yetu.

"Mama, ghala letu lilianguka kwa mwaka mmoja tu. La kwenu linasimama kwa dawa gani?"

"Dawa hakuna, mwanangu. Nyinyi mlikata watoto."

Alitupeleka nyuma, kwenye kichaka cha mianzi, akaanza kugonga shina moja moja kwa kifundo cha kidole. Michanga ni ya kijani kibichi, inang'aa, bado ina maganda ya makuti yake chini ya mafundo. Iliyokomaa imefifia rangi na ina madoa meupe. Mwanzi unarefuka wote kwa miezi michache tu, kisha haurefuki wala hauneneki tena. Ndiyo maana tunadanganyika. Tunauona mrefu, tunadhani uko tayari. Lakini ndani bado unafanya kazi: miaka mitatu au zaidi inapita kabla ya kuta za vyumba vyake kunenepa na kujaa lignini. Mwanzi wa mwaka mmoja umejaa maji. Ukikauka unanywea, kamba zinalegea, na nyumba nzima inaanza kucheza.

Jambo la pili ni utupu wake. Wengi hudhani mwanzi ungekuwa na nguvu zaidi kama ungejaa. Fanyeni jaribio hili na watoto jioni. Chukueni karatasi moja ya daftari, jaribuni kuisimamisha: inalala. Ikunjeni iwe bomba, ifungeni kwa uzi, isimamisheni tena, wekeni kitabu juu yake. Inabeba. Karatasi ni ileile, uzito ni uleule. Kitu kikipindwa, upande mmoja unavutwa na wa pili unabanwa, na katikati panafanya kazi kidogo sana. Mwanzi umeondoa kile cha katikati na kuweka nguvu zake pembeni. Hata ndani ya ukuta wake nyuzi hazikupangwa sawasawa: upande wa ganda zimesongamana, upande wa ndani zimeachana. Kwa hiyo fundi anayekwangua ganda la nje ili nguzo ipendeze anaondoa sehemu bora kuliko zote.

Na yale mafundo? Bomba la karatasi likishindwa, kwanza linabonyea, halafu linakunjika. Ndani ya kila fundo la mwanzi kuna ukuta unaoziba, nao unazuia bomba lisibonyee. Mama mzee alikuwa akikata nguzo zake zote karibu na fundo, ili mdomo wa juu uwe umezibwa, maji na wadudu wasipate mlango.

Misumari alitukataza kabisa. Mti wa kawaida una vyumba vingine vinavyopita kutoka moyo kwenda kwenye gome, vinavyoshikilia kidogo. Katikati ya mafundo mawili, nyuzi za mwanzi zote zinakwenda njia moja, hakuna hata moja inayokatiza. Msumari unaingia kama shoka kwenye kuni. Ghala letu lililoanguka lilikuwa na msumari kila mahali, na kila msumari ulikuwa na ufa wake. Wao wanafunga kwa kamba ya msituni yenye miiba, ambayo watu wa Kisangani wanaiita kekele na Wafaransa rotin. Hiyo haina utupu, imejaa, nyuzi zake zimetawanyika ndani yote, kwa hiyo inapindika bila kuvunjika. Wanailoweka kwanza. Ikikauka inakuwa ngumu na inashika umbo lake, na mwanzi wanaoufunga ni mkavu tayari, hautanywea tena.

Kuhusu wadudu: wale wanaoacha unga mweupe chini ya kitanda cha mwanzi hawafuati nyuzi, wanafuata wanga uliofichwa katikati ya nyuzi. Kwa hiyo wamama wa Kabambare wanakata kiangazi, halafu wanalaza mianzi mtoni kama mwezi mmoja, wameikandamiza kwa mawe, ili maji yatoe ule wanga. Kisha wanaikausha kivulini. Mtoni hunuka, tusiwadanganye. Na pamoja na kazi hiyo yote, mwanzi ukichomekwa udongoni unaoza kwa miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana ghala lao liko juu ya mawe, na paa linashuka mpaka kiunoni. Miaka minane ile imetoka kwenye mawe na paa kama ilivyotoka kwenye mwanzi.

Jioni kulikuwa na sauti za vinu kila upande. Binti wa nyumba tuliyolala alikuwa na kinu kipya chenye ufa kutoka mdomoni mpaka karibu na kitako, na mama yake alikuwa amekasirika kwa sababu pesa za karanga ziliishia hapo. Ufa huo una sababu yake. Mti mbichi ukikauka, karibu haupungui urefu, lakini unapungua upana. Ubao wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita 1 nzima, wakati urefu wake wa mita 2 umepoteza milimita chache tu. Tena gogo linanywea zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea moyoni. Ngozi inakuwa ndogo kuliko mwili, basi inachanika. Na maji yanatoka upesi zaidi pale nyuzi zilipokatwa, yaani mdomoni na kitakoni, ndiko ufa unakoanzia. Kinu kipya kisiwekwe juani. Kipakwe mawese mdomoni na chini, kifunikwe, kikauke polepole ndani ya nyumba majuma mengi. Binti huyo alikuwa amekiweka uani, juani, ili kikauke haraka.

Lakini mtazame jinsi kinu kilivyochongwa vizuri. Nyuzi zimesimama wima. Mtwangio unaposhuka, unapiga ncha za nyuzi, kama kupiga juu ya fungu la matete lililosimama, nalo linabeba. Kinu kilichochongwa kwenye gogo lililolazwa kingepasuka upesi kwa mapigo hayo. Mtwangio nao nyuzi zake zinafuata urefu wote, kama mpini mzuri wa jembe. Ukinunua mpini sokoni, usitazame unene kwanza. Fuata mistari kwa kidole: ikitoka pembeni kabla ya kufika mwisho, rudisha. Utavunjika pale inapotokea.

Siku ya soko tulinunua vitunga viwili vya kubebea mgongoni. Kimoja kilisukwa njia mbili, huku na huku, chenye vyumba vya mraba. Cha pili kilisukwa njia tatu, chenye matundu ya pembe sita. Shikeni cha kwanza pembeni mkisukume: miraba yake inalala, kitunga kinapinda. Cha pili hakipindi, kwa sababu njia ya tatu inatengeneza pembetatu, na pembetatu haina pa kulala. Kwa nyenzo kidogo zaidi, kimebeba muhogo uleule. Mkaba wake wa paji la uso ulikuwa wa gome lililopondwa, mpana kama kiganja. Tunawaomba wamama wote wanaotumia kamba nyembamba ya nailoni kichwani waache. Nailoni haikatiki, kweli, lakini uzito wote unasimama kwenye mstari mmoja wa ngozi. Gome lina nyuzi ndefu, laini, zinazolala bapa, na uzito unatawanyika. Mzigo wenyewe ukipita kiasi, mkaba mpana hautaokoa shingo.

Tuliporudi kulikuwa na mkutano, nao haukuwa mtulivu. Mwanachama mmoja alisimama akasema waziwazi kwamba kikundi kinachojenga kwa mianzi kitaonekana cha maskini, na kwamba wale wanaogawa misaada hupiga picha majengo ya matofali. Alisema kweli kuhusu picha. Wengine walijibu kwamba mbao zilizopasuliwa za leo mara nyingi ni mbichi, zinapinda zikiwa juu ya nyumba, na baada ya kuzinunua tungebaki na paa la majani lilelile lililotuangusha. Sisi tulikuwa upande huu wa pili. Kura zilikuwa 19 kwa 7: pesa ziende kwenye manjanja, nguzo ziwe mianzi ya bonde letu, iliyokomaa, juu ya mawe. Tulikubaliana pia kwamba paa la manjanja, kwa kuwa ni jepesi na upepo hulishika, lifungwe mpaka kwenye nguzo na siyo kwenye fito za juu peke yake.

Wanafunzi wa darasa la tano walitusaidia kupima. Tuliweka mwanzi mchanga na mwanzi uliokomaa, unene uleule, juu ya viti viwili, tukatundika bidoni ya lita 20 katikati ya kila mmoja. Mchanga ulishuka kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Mkomavu ulishuka vidole viwili. Msichana mmoja kati ya wale waliokosa muhula alikuja kutazama, akauliza kwa nini kitabu chao cha fizikia kina mihimili ya chuma tu. Tumempa daftari aandike vipimo vyote, pamoja na tarehe.

Mianzi 40 sasa imelazwa kijitoni, chini ya daraja dogo, imefungwa mafungu manne na kukandamizwa kwa mawe. Itatolewa mwisho wa mwezi wa nane. Tunawaomba wanaoteka maji wavumilie harufu, na wanaopita na shoka watambue kwamba ile si kuni.